Wadaiwa

Dirisha namba tatu, ofisi ya mhasibu,
nimetia sahihi kwa mara ya saba:
mimi, Jovencio Palmares, mwaka wa tatu, Usimamizi wa Biashara,
naahidi kulipa salio kabla ya tarehe ishirini.
Karani anagonga muhuri. Yeye ana huruma, muhuri hauna.
Napewa kibali cha rangi ya waridi; bila hicho
siruhusiwi kufanya mtihani
wa Usimamizi wa Madeni.

Nilicheka kwenye ngazi
mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefaulu.

Chuo chetu kina lifti mpya, kina chemchemi isiyotoa maji,
na mvua ya Iloilo ikishika kasi
ghorofa ya pili tunahamisha viti kufuata pakavu.
Bi Salcedo hahami. "Mdaiwa," anasema, chaki mkononi,
"ni mali. Atakaa upande wa mali
hadi siku mtakapokubali kwamba halipi."

Akatupa kazi: tafuteni biashara moja, mwifanyie mizania.
Wenzangu wakaenda kwa baba zao:
hoteli, kiwanda cha barafu, magari ya kukodi.
Mimi nikaenda nyumbani Jaro,
kwenye dirisha la nondo ambapo Mama huuza
siki kwa kikombe, sigara mojamoja,
shampuu za vipakiti, mshumaa, vocha.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Mama daftari analo. Mali ndiyo haina habari.

*Nang Belen, sadini mbili.*
*Mume wa Nang Belen, bia moja (Belen asiambiwe).*
*Toto mchomelea vyuma, mchele kilo, Jumanne.*
*Mchele kilo, Jumatano.*
*Mchele nusu.*
*Mwalimu Eleuterio, kahawa.* Hilo ni tangu mwaka wa kimbunga.

Usiku nikakaa na kikokotoo.
Nikatoa uchakavu wa friji.
Nikatoa pango la chumba ambacho ni chetu wenyewe.
Nikamlipa Mama mshahara, kwenye karatasi tu,
kima cha chini cha mkoa, si zaidi,
na papo hapo duka likafa.
Nikarudia hesabu. Likafa tena.
Miaka sita ya hasara, na kila asubuhi saa kumi na moja
linafunguliwa.

"Na hii?" Mama aliuliza, kidole juu ya mstari.
Nikamwambia ni mshahara wake.
"Kumbe nilikuwa nao!"
Akaenda kumpimia mtu siki, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Darasani Bi Salcedo akanisimamisha mstari wa kumi na nne.
"Ada ya J. umeiweka kwenye matumizi.
Una hakika si uwekezaji?"
Ndoo chini ya dari ikahesabu matone.
"Uwekezaji, Bibi, hurudisha."
"Na wewe?"

Mtu nyuma yangu alikohoa. Nikatazama kalamu yangu.
Akageuza ukurasa, bila kunisubiri:
"Halafu hukufuta hata deni moja. Huyu wa kahawa, miaka minne!"
"Alifariki, Bibi."
"Basi mfute."
Themanini na nane. Zile kumi na mbili
ni za marehemu.

Jioni nikampa Mama salamu za mwalimu wangu.
Akasikiliza, akafuta mikono kwenye aproni,
akatoa daftari, akatafuta ukurasa, akachukua kalamu.
Nilidhani kalifuta.
Alipolala nikaenda kutazama, kama mkaguzi wa hesabu,
kwa mwanga wa friji iliyochakaa:

*Mwalimu Eleuterio, kahawa.*
Na chini yake, kwa wino mpya:
*alinifundisha kugawanya.*

Nikalifunga. Kibali cha waridi kilikuwa mfukoni,
kimelowa kona moja.
Tarehe ishirini ni Alhamisi.